Norfolk Admirals 2011–12: ushindi wa mechi 28 mfululizo ulikuwa wa nani?

Mdadisi

Habari zenu wanajukwaa.

Mimi niliingia katika hoki ya barafuni kupitia NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, na ni hivi karibuni tu nimeanza kuziangalia ligi za kulipwa zilizo chini yake. Huko nimekutana na msimu mmoja ambao nimeshindwa kuuweka mahali pake, nao ni ule wa 2011–12 wa Norfolk Admirals, timu ya mji wa Norfolk katika jimbo la Virginia, Marekani, iliyokuwa ikicheza AHL, ligi iliyo hatua moja chini ya NHL. Rekodi yao imeandikwa 55–18–1–2, pointi 113. Kuanzia tarehe 10 Februari 2012 hadi siku ya mwisho ya msimu wa kawaida, tarehe 15 Aprili, hawakupoteza mechi hata moja. Walishinda 28 mfululizo. Kisha wakaingia hatua ya mtoano, wakashinda mechi 15 na kupoteza tatu tu, na mwezi Juni wakainyanyua Calder Cup, kombe la ubingwa wa AHL, baada ya kuishinda Toronto Marlies mechi nne kwa bila katika fainali.

Mpaka hapo sina tatizo. Tatizo lilianza nilipofungua kumbukumbu za msimu uliofuata nikitarajia kuwaona mabingwa wakitetea kombe lao. Kocha hayupo. Mchezaji bora wa ligi hayupo. Wengi wa waliobaki katika kundi lile wako Syracuse, jimbo la New York, wamevaa jezi nyingine, huku Norfolk ikiwa na jina lile lile, uwanja ule ule, na kikosi kigeni kabisa. Hakuna aliyefilisika, hakuna aliyeadhibiwa, na kwa kadiri ninavyosoma, wenyeji wa ligi hiyo hawakuona ajabu yoyote.

Kwa mtu aliyezoea soka, ambako bingwa wa daraja la pili hupanda daraja pamoja na jina lake, jezi zake na mashabiki wake, jambo hili si jepesi kulielewa. Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Zile tarakimu nne za rekodi zinasomwaje, maana nimeona mahali pengine zile mbili za mwisho zikijumlishwa? Na hili ndilo kubwa zaidi: msimu ule uhesabiwe kuwa wa nani? Ni wa Norfolk, ni wa Tampa Bay Lightning, timu ya NHL ya jimbo la Florida iliyokuwa na mikataba ya wachezaji, au ni wa wachezaji wenyewe popote walipokwenda?

Kocha wa Kiti

Ndugu Mdadisi, karibu huku chini, ambako hoki ni nyingi na usingizi ni wa shida.

Nianze na tarakimu kwa kuwa hazina mgogoro. Ya kwanza ni mechi ulizoshinda kwa namna yoyote ile, iwe ndani ya dakika 60, katika muda wa nyongeza au kwa penalti. Ya pili ni mechi ulizopoteza ndani ya dakika 60. Ya tatu ni ulizopoteza katika muda wa nyongeza, na ya nne ni ulizopoteza kwa penalti. Ushindi una pointi mbili, kufungwa ndani ya muda wa kawaida hakuna kitu, na kufungwa baada ya hapo kuna pointi moja ya kukupoza. Kwa hiyo 55 mara mbili ni 110, ukiongeza moja na mbili unapata zile 113. Wanaojumlisha mbili za mwisho hawajakosea, kwa sababu zote huleta pointi ile ile. NHL ndivyo inavyoandika.

Tarakimu hizo zina jambo jingine ambalo mtu hulipita haraka. Toa ule ushindi 28 kutoka kwenye 55, utabaki na 27–18–1–2. Hiyo ndiyo Norfolk ya kabla ya tarehe 10 Februari: timu nzuri, yenye uhakika wa kufika mtoano, lakini si timu ambayo mtu angesimama barabarani kuitazama ikipita. Katika mechi 48 za kwanza walikuwa wamepoteza 21 kwa namna moja au nyingine, na katika 28 zilizobaki hawakupoteza hata kwa penalti.

Sasa swali lako la pili. AHL ilianza mwaka 1936, na kwa muda mrefu ilikuwa na mchanganyiko wa timu zenye timu mama na zile zilizojitegemea, lakini leo kila timu yake imefungamana na timu moja ya NHL. Msimu unaouulizia kulikuwa na timu 30 juu na 30 chini. Leo ni 32 kwa 32. Timu mama ndiyo inayosaini mikataba ya wachezaji wengi, ndiyo inayomlipa kocha, na ndiyo inayoamua nani acheze dakika nyingi. Mchezaji mwenye mkataba wa NHL anaweza kula chakula cha mchana Norfolk na kulala Tampa usiku huo huo kwa sababu beki mmoja ameumia goti. Mikataba mingi ya vijana huwa na viwango viwili vya mshahara, kimoja cha juu na kimoja cha chini, na anacholipwa hutegemea yuko wapi siku hiyo.

Isitoshe, kanuni zenyewe zinaifanya AHL kuwa shule. Katika wachezaji 18 wa uwanjani wanaoruhusiwa kuvaa jezi kwa mechi moja, bila kuhesabu makipa wawili, sharti 13 wawe wale wanaohesabiwa kuwa bado wanakua, na 12 kati yao wasiwe wamezidisha mechi 260 za kulipwa. Huwezi, hata ukiwa na fedha, kujaza wakongwe ukachukua kombe. Ligi yenyewe hujivunia kwamba karibu asilimia 90 ya wanaocheza NHL wamepitia kwake, na hicho ndicho kipimo inachotaka ipimwe nacho.

Kwa mtazamo huo jibu langu ni kwamba msimu wa 2011–12 ulikuwa wa Tampa Bay. Mtu aliyekuwa akisimamia kikosi cha Norfolk alikuwa Julien BriseBois, msaidizi wa meneja mkuu wa Tampa Bay, Steve Yzerman. BriseBois alikuwa ameshaipa timu tanzu ya Montreal, Hamilton Bulldogs, Calder Cup ya 2007, na kocha Jon Cooper aliwekwa Norfolk mwaka 2010 na kundi hilo hilo la viongozi. Ushirikiano na mji wa Norfolk ulipokwisha, watu wa Tampa Bay waliondoka na watu wao. Norfolk ilibaki na kombe kabatini, nami siidharau, lakini kombe halichezi.

Zamaradi

Kaka Kocha, hesabu zako sina ubishi nazo, ila hukumu yako imekuja kabla mashahidi hawajaitwa. Umeeleza nani alilipa mishahara. Hujaeleza nani alicheza mechi hizo, wapi, na katika hali gani, na bila hilo ndugu yetu Mdadisi atadhani kwamba 28 ni tarakimu tu.

Ratiba ya AHL haifanani na ya NHL. Kwa kuwa mapato ya timu hizi hutegemea sana watu wanaonunua tiketi mlangoni, mechi hurundikwa mwishoni mwa juma, na ni jambo la kawaida timu kucheza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, mechi tatu katika siku tatu, mara nyingine katika miji mitatu tofauti, na safari kati yake ni ya basi usiku. Jaribu kuifikiria ile ya Jumapili. Inaanza alasiri, wachezaji wameshuka kwenye basi alfajiri, miguu ni mizito, kocha amempumzisha kipa wa kwanza kwa sababu hakuna kipa anayepangwa mechi tatu mfululizo hivyo kwa hiari, na upande wa pili kuna timu iliyolala kwake. Katika mazingira hayo hata timu bora hupoteza mechi za kizembe, na hakuna anayeilaumu. Norfolk walipita katika miisho ya juma ya namna hiyo kwa zaidi ya miezi miwili bila kuanguka. Dustin Tokarski ndiye aliyekuwa kipa mkuu, lakini Jaroslav Janus alipopewa zamu yake, mfululizo haukukatika mikononi mwake.

Ili uone ukubwa wake, rekodi ya AHL kabla ya hapo ilikuwa 17, ya Philadelphia Phantoms katika msimu wa 2004–05. Rekodi ya NHL nayo ni 17, ya Pittsburgh Penguins ya mwaka 1993, timu iliyokuwa na nyota kama Mario Lemieux na Jaromír Jágr. Norfolk hawakuivunja rekodi hiyo kwa mechi moja au mbili, waliipita kwa 11. Tena walifanya hivyo katika enzi ambayo hakuna sare, maana yake mechi yoyote iliyolingana baada ya dakika 60 iliendelea kwa dakika tano za wachezaji wanne kwa wanne, na ikishindikana, penalti. Penalti katika hoki ni mtu mmoja, kipa mmoja na barafu tupu. Si mahali pa kudai kwamba timu bora hushinda siku zote.

Na timu hiyo haikuwa na majina. Cory Conacher, aliyechaguliwa mchezaji bora wa ligi na pia chipukizi bora wa msimu huo, hakuwahi kuchaguliwa na timu yoyote katika usajili wa vijana wa NHL. Alitoka Canisius, chuo kisicho maarufu kwa hoki, ana umbo dogo, na anaishi na kisukari cha aina ya kwanza. Alifunga mabao 39 na kutoa pasi 41 za mabao. Tyler Johnson naye hakuchaguliwa na mtu. Ondřej Palát alichukuliwa nafasi ya 208 mwaka 2011, raundi ya saba, pale ambapo timu huchagua jina huku zikikusanya makaratasi ziondoke. Mark Barberio alitwaa tuzo ya beki bora, Cooper tuzo ya kocha bora, na nahodha alikuwa Mike Angelidis, mmoja wa wale ambao ligi hii ingekufa bila wao: mtu wa kazi ngumu, anayejua kwamba huenda maisha yake yote ya hoki yatakuwa ya mabasi.

Fainali nayo ilikuwa na mambo yake. Mechi ya tatu, Toronto, ilikwenda hadi muda wa nyongeza bila bao. Mike Kostka, beki wa Norfolk, alipiga kisahani, kile kinachochezewa badala ya mpira, kutoka mbali kukisukuma tu ndani ya eneo la wapinzani. Kipa Ben Scrivens akatoka langoni kwenda kukipokea nyuma ya goli, kama kipa yeyote angefanya. Kisahani kikagonga nguzo inayoshikilia kioo cha ukingoni, kikabadili njia, kikarudi mbele na kuingia katika lango lililokuwa wazi. Bao moja kwa bila, mechi imekwisha. Mabishano kuhusu kuotea yalikuwa makali, na mimi nikiwa shabiki wa Toronto ningekasirika hadi leo.

Kwa hiyo jibu langu si Tampa Bay. Waliokuwa wakikaa katika viti vya Scope, uwanja wa Norfolk, siku za katikati ya juma mwezi Novemba, timu ikiwa ya kawaida tu, hawakuwa watu wa Florida.

Mdadisi

Nawashukuru wote wawili. Dada Zamaradi, hilo la mechi tatu kwa siku tatu sikulijua, na limeifanya 28 ionekane tofauti kabisa machoni pangu.

Bado jambo moja linanisumbua. Kama Norfolk walikuwa na mashabiki wao, uwanja wao na jina lao, ni nani hasa aliyekuwa na uwezo wa kusema hapana Tampa Bay walipotaka kuondoka? Ninachojaribu kuelewa ni kama mji una haki yoyote katika mpangilio huu.

Mzee Kipenga

Vijana wangu, nimewasoma wote, na naona mnabishana juu ya nyumba bila kumtaja mwenye kiwanja.

Katika hoki ya Amerika Kaskazini hakuna kupanda wala kushuka daraja. Nafasi katika ligi ni leseni, na leseni ina mmiliki, naye anaweza kuiuza au kuihamishia mji mwingine ligi ikiridhia. Ushirikiano na timu mama ni mkataba mwingine kabisa, wa miaka michache, unaohuishwa au kuachwa. Mwaka 2012 Norfolk ilikuwa na mmiliki wake wa kujitegemea, na mkataba uliokwisha ni ule wa ushirikiano. Tampa Bay wakaenda Syracuse. Anaheim Ducks, waliokuwa Syracuse, wakaja Norfolk. Ni kama walibadilishana vyumba. Leseni ya Norfolk haikuguswa, na kwa hiyo rekodi ya mechi 28 na kombe vimebaki katika kumbukumbu za Norfolk Admirals.

Kuuliza kama mmiliki angesema hapana ni sawa, lakini angesema hapana kwa nini? Alihitaji wachezaji, na wachezaji huletwa na timu mama. Ilimradi mwingine alikuwa mlangoni na kikosi kizima, aliyeondoka hakuacha pengo la mechi hata moja.

Norfolk walikuwa wameshayazoea hayo. Hoki ya pale ilianza kushika mizizi mwaka 1989 kwa timu iliyoitwa Hampton Roads Admirals, ambayo ilicheza ligi ya chini zaidi, ile ambayo leo inaitwa ECHL, na kutwaa ubingwa wake mwaka 1991, 1992 na 1998. Mji huo una kituo kikubwa kuliko vyote duniani cha jeshi la majini, ndiyo maana jina la maadmirali liliwakaa vizuri. Mwaka 2000 wakapanda AHL, si kwa kushinda kitu uwanjani bali kwa kupata leseni, wakawa tanzu ya Chicago Blackhawks hadi 2007, ndipo Tampa Bay wakaingia. Kwa watu waliokuwa wakikaa chini ya lile kuba kubwa la zege la Scope, lililofunguliwa mwaka 1971, timu mama zilikuwa zikija na kwenda, na Admirals walikuwa Admirals.

Wanaojua kuishi na hali hiyo kuliko wote ni Hershey, Pennsylvania. Hershey Bears wako AHL tangu 1938, mwenye timu ni kampuni ya pale pale mjini, na timu mama wamezipokea nyingi. Walikuwa na Philadelphia Flyers mwaka 1988 walipochukua kombe kwa kushinda mechi zote 12 za mtoano, walikuwa na Colorado Avalanche walipolichukua 1997, na tangu 2005 wako na Washington Capitals, ambao wamelichukua nao mara tano, mbili za mwisho zikiwa 2023 na 2024. Jumla ni makombe 13, na hakuna timu ya AHL inayowafikia. Muulize mtu wa Hershey kombe la 1997 lilikuwa la nani, uone kama atataja Colorado.

Lakini mmiliki akiwa ni timu mama yenyewe, hadithi hugeuka. Mwezi Januari 2015, msimu ukiwa katikati, ilitangazwa kwamba timu tano za AHL zingehamia California ili ziwe karibu na timu mama zao za magharibi. Mojawapo ilikuwa Manchester Monarchs ya New Hampshire, iliyokuwa mali ya Los Angeles Kings. Tafakarini hali hiyo: mashabiki wameambiwa katikati ya baridi kwamba timu inaondoka, na bado kuna miezi ya kucheza. Monarchs walikwenda wakashinda Calder Cup mwezi Juni kwa kuifunga Utica Comets, wakalisherehekea, na leseni ikahamia Ontario, California, kabla ya msimu mwingine kuanza. Mji ulipewa timu ya ECHL yenye jina lile lile, nayo ikafungwa mwaka 2019.

Norfolk wenyewe hawakusalimika katika zoezi hilo. Anaheim waliinunua leseni yao, wakaipeleka San Diego, na tangu msimu wa 2015–16 Norfolk Admirals wanacheza ECHL, kwa leseni iliyotoka Bakersfield. Ndugu Mdadisi, mji hauna haki yoyote ya kisheria katika mpangilio huu. Una mazoea tu, pamoja na mwenye timu ambaye ama anaishi mjini ama haishi. Mimi nauhesabu msimu wa 2011–12 kuwa wa Norfolk, lakini nauhesabu hivyo nikijua kwamba mahakamani ningeshindwa.

Kocha wa Kiti

Mzee Kipenga, shikamoo. Nakubaliana na wewe juu ya leseni, na mfano wa Hershey umenibana kidogo. Hata hivyo naomba niweke ushahidi mmoja upande wangu kabla sijanyamaza.

Katika msimu wa 2012–13 Syracuse Crunch, wakiwa wameanza msimu na Cooper benchi na kundi kubwa la wale wale wa Norfolk, walifika fainali ya Calder Cup, wakafungwa na Grand Rapids Griffins kwa mechi nne kwa mbili. Tyler Johnson akawa mchezaji bora wa ligi, heshima ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa ya Conacher. Katikati ya safari hiyo, Machi 2013, Cooper alipandishwa kuifundisha Tampa Bay, na Conacher akatumwa Ottawa mwezi Aprili kwa kubadilishwa na kipa Ben Bishop. Norfolk mpya, chini ya Anaheim, ilianza kazi yake upya. Ukiwafuata watu badala ya jina, unaona mstari mmoja usiokatika: Norfolk, Syracuse, kisha Tampa Bay, ambako Cooper alichukua Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, mwaka 2020 na 2021, Palát na Johnson wakiwamo kikosini mara zote mbili, na BriseBois akiwa ndiye meneja mkuu.

Nisieleweke kwamba ule msimu ulikuwa mazoezi tu ya kitu kikubwa zaidi. Ninachosema ni kwamba ile tabia ya kushinda, kama ipo, ilisafiri na watu. Haikubaki chini ya kuba.

Zamaradi

Palát na Johnson walifika, sawa. Angelidis alicheza mechi chache tu za NHL katika maisha yake yote. Alexandre Picard, aliyechaguliwa mchezaji bora wa mtoano wa 2012, hakurudi NHL baada ya hapo. Kwa hao wawili na wengine wa aina yao, Juni ya 2012 ndiyo ilikuwa kilele cha mlima, na mstari wako, kaka Kocha, unawaacha njiani. Nadhani tukiendelea hivi kila mmoja atamtetea aliyempenda, kwa hiyo mimi naishia hapo katika suala la umiliki.

Mdadisi

Naomba nichokoze jambo la mwisho, maana nimekuwa nikilifikiria tangu niliposoma majibu ya kwanza. Msimu ule wa 2011–12 Tampa Bay wenyewe hawakufika mtoano wa NHL. Steven Stamkos, mshambuliaji wao, alikuwa amefunga mabao 60, na mwezi Aprili alikuwa ameshamaliza kazi yake ya mwaka. Kama timu mama ina mamlaka yote hayo juu ya kikosi cha chini, ni nini kilichowazuia kumteremsha Stamkos Norfolk akachukue Calder Cup bila jasho?

Zamaradi

Swali zuri, na jibu lake ni kanuni, tena zaidi ya moja.

Ya kwanza ni kwamba mchezaji aliyekwisha kucheza mechi nyingi NHL hawezi kuteremshwa kimyakimya. Ni lazima kwanza jina lake litangazwe kwa timu nyingine zote, nazo hupewa saa 24 za kuamua kama zinamtaka, na inayomtaka humchukua pamoja na mkataba wake. Jina la Stamkos lisingemaliza dakika tano. Vijana wa miaka yao ya mwanzo wamesamehewa utaratibu huo, ndiyo maana hupanda na kushuka kwa urahisi.

Ya pili ndiyo iliyowekwa hasa kuzuia ujanja unaoufikiria. Anayetaka kucheza mtoano wa AHL sharti awe katika orodha ya timu ya AHL siku ambayo NHL inafunga dirisha la kubadilishana wachezaji, ambayo mwaka 2012 ilikuwa tarehe 27 Februari. Ndiyo maana miaka ile, siku hiyo ungeona vijana kadhaa wa NHL wakiteremshwa asubuhi na kurudishwa jioni. Hawakupanda ndege wala kufungasha begi. Walihamishwa kwenye karatasi tu, ili mlango wa mtoano wa chini ubaki wazi kwao endapo timu mama ingetolewa mapema. Baada ya hapo kila timu ya AHL huwasilisha orodha ya wachezaji 22 itakaomaliza nao msimu, na nyongeza huruhusiwa kwa dharura, au kwa chipukizi ambao msimu wao wa vyuo au wa ligi za vijana umekwisha.

Aliyekuwa karibu zaidi na mfano wako si Stamkos bali Brett Connolly, mshambuliaji wa miaka 19 aliyecheza mechi 68 za Tampa Bay msimu huo. Umri wake na uchanga wake vilimfaa Norfolk kuliko NHL, na huenda angejifunza mengi katika zile mechi 28. Lakini alikuwa ametoka katika ligi za vijana za Kanada, na makubaliano kati ya ligi hizo na NHL hayakumruhusu kijana wa umri huo kupelekwa AHL: ama abaki juu, ama arudishwe kwa vijana wenzake. Tampa Bay wakambakiza juu. Alipofikisha miaka 20 zuio hilo likaondoka, na msimu uliofuata akapelekwa AHL, ila kufikia hapo AHL ya Tampa Bay ilikuwa Syracuse.